Je, Mla Takrima Amefungwa na Ahadi Yake?



Katika vinywa vya wengi wetu huku Usukumani herufi "r" ni mgeni, nayo hugeuka kuwa "l" kabla haijatoka nje. Mtu wa Tinde akisema kwamba anakwenda kupiga kura, msafiri atokaye pwani aweza kusikia kwamba anakwenda kula. Watu hucheka, nasi twacheka pamoja nao. Lakini katika ile miaka miwili ya uchaguzi, 2024 na 2025, neno hilo halikuwa la kuchekesha tu. Maana walikuwako waliokwenda kupiga kura kwa sababu wamekula, na walikuwako waliokula huku wakijua kwamba watadaiwa kura.

Swali tunalotaka kulichungua ni hili. Mtu amepokea kanga, au sukari, au fedha, kutoka kwa mgombea au kwa mpambe wake, naye akasema, "Nitakuchagua." Baadaye akasikiliza maneno ya wagombea wote, akapima tabia zao, akaona kwamba mwingine ndiye afaaye. Siku ya kura imefika. Afanye nini? Akimchagua yule afaaye, amevunja neno lake. Akimchagua yule aliyempa, ameifuata sukari wala hakuifuata dhamiri yake.

Wako wasemao kwamba Mkristo ni mtu wa neno moja, akiahidi hana budi kutimiza, hata ikiwa ahadi yenyewe ilikuwa ya kipumbavu. Wako wengine wanaojiona wajanja, nao husema, "Kula kwa huyu, kura kwa yule," kisha hupangusa midomo yao na kwenda zao. Sisi twaona ya kuwa pande zote mbili zimekosa, nasi tutajaribu kuonyesha sababu, ili walimu wa sharika waulizwapo jambo hili wawe na neno la kujibu.

Kwanza na tukumbuke mambo yalivyokuwa. Tarehe 27 Novemba 2024 walichaguliwa viongozi wa vijiji zaidi ya 12,000 na vitongoji zaidi ya 60,000 katika Tanzania Bara, pamoja na viongozi wa mitaa ya mijini. Agosti 2025 ikaja kura ya maoni ndani ya chama tawala, ya kuwapata wagombea wake wa ubunge na udiwani. Tarehe 29 Oktoba 2025 ukafanyika uchaguzi mkuu wa rais, wabunge na madiwani. Tena majimbo ya ubunge yalikuwa yameongezwa kutoka 264 hata 272, na katika yale manane mapya mengine yalikuwa ya upande wetu, kama vile Itwangi hapa Shinyanga, Katoro na Chato Kusini kule Geita. Jimbo jipya halina mbunge wa zamani wa kulitetea, kwa hiyo watu wengi hulitamani, na watamanio wakiwa wengi mikono itoayo huwa mingi pia.

Jirani zetu wa Kenya nao, tarehe 27 Novemba 2025, walipiga kura katika chaguzi ndogo za mahali pengi kwa siku moja, kama Malava, Mbeere Kaskazini na Magarini. Uchaguzi mdogo una jaribu lake. Katika uchaguzi mkuu wakubwa wa vyama hutawanyika nchi nzima, lakini katika uchaguzi mdogo wote hukimbilia mahali pamoja, na bei ya kura hupanda kama bei ya mahindi mwezi wa Januari.

Wengine huudharau uchaguzi wa kijiji, wakidhani kwamba ulio mkubwa ni ule wa rais tu. Hawa hawajafikiri vizuri. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ni halmashauri ya kijiji isimamiayo ardhi ya kijiji, nayo yahitaji kibali cha mkutano mkuu wa kijiji. Shamba la mjane aliyefiwa, mpaka wa malisho, ngitili tunayoifunga ili mifugo ipate majani wakati wa kiangazi, haya yote huamuliwa na watu wale tunaowachagua chini ya mti, watu tunaowajua kwa majina na kwa tabia. Na kule kwenye dhahabu, diwani ni mtu wa kukaa mezani na watu wakubwa. Mgodi hulipa halmashauri ya wilaya ushuru wa huduma, ambao ni sehemu ya mauzo yake. Tena tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2017 mgodi hauna budi kupatana na halmashauri juu ya mambo utakayowafanyia wananchi. Mgodi wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Hebu fikirini ni zahanati ngapi, madawati mangapi na visima vingapi vimepita katika mikono ya madiwani tangu wakati huo, vingine vikafika kwa watu na vingine visifike.

Baada ya kuyakumbuka hayo, tuulize: takrima ni kitu gani? Neno lenyewe ni zuri, lina undugu na ukarimu. Na watetezi wake husema kwamba ni desturi ya Mwafrika kumkirimu mwenzake, kwa hiyo mgombea akiwapa watu chakula amefuata desturi ya baba zetu. Mwaka 2000 jambo hili liliingizwa hata katika sheria ya uchaguzi, kwamba ukarimu wa desturi ufanywao kwa nia njema usihesabiwe kuwa rushwa. Mashirika matatu ya kutetea haki yalilipeleka shauri hilo mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu vile ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa vilimtenga mgombea maskini na mgombea tajiri. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi, ya kuweka mipaka ya fedha ambazo mgombea aweza kuzitumia.

Lakini hata kama mahakama isingalisema neno, sisi wenyewe twaijua desturi yetu. Katika desturi yetu ni nani amkirimuye mwenzake? Ni mwenyeji amkirimuye mgeni. Mtu akifika kwako amechoka, humpa maji, humpa kiti, na mwenye nacho humchinjia kuku. Sasa mgombea afikapo kijijini, mgeni ni nani? Ni yeye! Naye ndiye agawaye, na wenyeji ndio wapokeao kwa mikono miwili katika nyumba zao wenyewe. Desturi ya wapi hiyo? Tena ukarimu wa kweli hauangalii kitambulisho. Mtoto hupewa, mpita njia hupewa, kichaa hupewa. Lakini takrima humruka mtoto, humruka na mgeni asiyeandikishwa, hutua kwa mwenye kadi ya kupigia kura peke yake. Na mwezi baada ya uchaguzi haionekani tena, hata njaa ikiwa kali namna gani.

Wala jambo hili si la Waafrika peke yao. Huko Uingereza, katika karne ya kumi na tisa, wagombea waliwanywesha watu pombe siku nyingi, na kura zilinunuliwa bila haya, hata wakatunga sheria ya kura ya siri mwaka 1872, na sheria nyingine ya kuzuia rushwa na gharama za uchaguzi mwaka 1883. Hao hawakusingizia desturi za Kiafrika. Ni tamaa ya mtu tu, nayo haina kabila.

Mtu atauliza: Je, mgombea akiahidi maji ya bomba, hilo nalo si takrima? Huku kwetu swali hili ni kubwa, maana watu wa Tinde wameteka maji ya visima na mabwawa miaka mingi kabla maji ya Ziwa Victoria hayajafikishwa kwao. Twajibu kwamba kuna tofauti. Ahadi ya maji hutolewa mchana mbele ya watu wote. Maji yakija, hunywa aliyemchagua na asiyemchagua. Fedha zake ni za wote, na baada ya miaka mitano watu waweza kumwuliza, "Yako wapi?" Lakini kilo ya sukari hutolewa jioni nyuma ya nyumba, huliwa na mmoja, na hakuna wa kuiuliza. Ile ya kwanza ni hoja, na mpiga kura ana haki ya kuipima. Hii ya pili ni bei.

Sasa twafika kwenye shina la neno lenyewe. Ikiwa ni bei, je, kilichouzwa ni mali ya muuzaji?

Wasukuma wana desturi moja ambayo kila mfugaji aijua. Mtu mwenye ng'ombe wengi huwaweka baadhi yao kwa rafiki au jamaa mahali pengine, ili ugonjwa au ukame ukija wasiteketee wote pamoja. Yule aliyewekewa hawi kibarua. Hunywa maziwa, hupata samadi kwa shamba lake, na watoto wake hukua vizuri. Ng'ombe akifa, huleta ngozi kwa mwenyewe iwe shahidi. Lakini kuuza hawezi. Na siku moja akimpeleka mnadani kwa siri, hakuna atakayesema, "Alikuwa na haki, kwa maana ng'ombe alilala katika zizi lake." Wote watasema ameiba. Na yule aliyemnunua, ikiwa alijua, naye ni mwizi pamoja naye.

Kura ni ng'ombe wa namna hiyo. Imelala katika zizi lako, na maziwa yake ni yako, maana wewe nawe utaongozwa na mtu yule utakayemchagua. Lakini si yako peke yako. Mwenyekiti wa kijiji uliyemchagua atamtawala jirani yako pia. Diwani uliyemchagua atagawa dawa za mtoto ambaye hajatimiza miaka 18, naye hana kura. Mbunge uliyemchagua atatunga sheria zitakazowafunga watu ambao hawajazaliwa. Hao wote hawakuwapo pale nyuma ya nyumba jioni ile, wala hawakuulizwa bei. Kama matokeo ya kura yangelikuangukia wewe tu, ungeweza kusema kwamba waiuza ngozi yako mwenyewe. Lakini yawaangukia wengi, kwa hiyo ni amana.

Walimu watakumbuka kwamba katika Katekisimo Ndogo, pale Luther aelezapo maana ya mkate wa kila siku, hakutaja chakula na mavazi peke yake. Ameweka humo na watawala waaminifu na utawala mwema. Jambo hili twalifundisha watoto wa kipaimara kila mwaka, na ni vema tulisikie sisi wenyewe. Mtu auzaye kura yake kwa mkate mmoja ameutoa mkate wa watu wote.

Na hata kwa hesabu ya soko biashara hii ni mbaya. Tuseme mtu amepewa shilingi 10,000. Kiongozi atakaa miaka mitano, yaani siku 1,826. Gawanya: haifiki shilingi 6 kwa siku, fedha isiyotosha kununua hata pipi ya mtoto. Mgombea aliyewagawia watu elfu tano atakuwa ametoa shilingi milioni 50. Naye si mjinga. Fedha hiyo ataitafuta mahali fulani, na mahali penyewe ni palepale penye zahanati na madawati.

Na tukumbuke jambo moja la historia yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa wakilalamika juu ya mizani. Mtu alibeba pamba yake mwendo mrefu, akafika kwa mnunuzi, na uzito uliosomwa ukawa mdogo kuliko mzigo uliomwumiza mabega. Hawakuvunja mizani. Waliweka watu wao wenyewe, waliowaamini, wasimame hapo na kuusoma uzito kwa haki. Katika kazi hiyo ya ushirika aliinuka Paul Bomani, na mwaka 1955 vyama vya wakulima vikaungana kuwa chama kikuu cha ushirika cha Victoria, mojawapo ya vyama vikubwa vya namna hiyo katika Afrika. Basi mkulima angefanya nini kama angesikia kwamba yule msoma mizani amepewa kanga na mnunuzi? Asingeuliza kanga ilikuwa nzuri au mbaya. Angesema kwamba mizani imekufa. Kila mpiga kura ni msoma mizani aliyewekwa na wenzake.

Na watu wale waliijua kazi yao. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, chini ya chama kimoja, wagombea wawili wa jimbo walipewa alama, mmoja jembe na mmoja nyumba, wakasimama jukwaa moja mbele ya watu, na chama ndicho kilichosimamia kampeni. Mawaziri wawili walishindwa, na mmoja wao alikuwa Paul Bomani mwenyewe, Waziri wa Fedha. Hatusemi kwamba alistahili kushindwa, wala kwamba taratibu za siku zile zilikuwa kamili, maana chama kilikuwa kimoja tu. Twasema kwamba wapiga kura walipima, na cheo hakikuitikisa mizani yao.

Sasa turudi kwa yule ndugu aliyeahidi. Je, amefungwa? Twajibu: Hakufungwa. Mtu aliyeahidi kumwuza ng'ombe wa jirani yake hakufungwa kumwuza kwa sababu tu ameahidi. Alikosa alipoahidi, na akitimiza atakosa mara ya pili, tena kosa kubwa kuliko la kwanza. Wote mwakijua kisa cha Herode. Alifanya karamu, akafurahishwa na mchezo wa binti, akaapa mbele ya wageni wake kumpa lo lote atakaloomba, na binti akaomba kichwa cha Yohana Mbatizaji. Herode alihuzunika, lakini kwa ajili ya kiapo na kwa ajili ya wageni akatuma mtu wa kuua. Je, kuna Mkristo awaye yote amsifuye Herode kwa kuwa mtu wa neno moja? Kiapo chake kilitaka kitu kisicho chake, yaani uhai wa mtu mwingine. Kiapo cha namna hiyo hutubiwa, hakitimizwi. Nacho, kama takrima, kilizaliwa karamuni.

Tena sheria yenyewe imemfungulia mlango ndugu huyu. Kura ya siri, ya karatasi iliyochapwa na chumba cha peke yake, ilianza Australia mwaka 1856, katika makoloni ya Victoria na South Australia, ambayo baadaye yaliingia katika shirikisho la nchi ile. Kusudi lake lilikuwa nini? Ni kwamba mwenye shamba, au mwenye fedha, au bwana wa kazi, asiweze kuona mtu wake amefanya nini. Dunia nzima imeukubali utaratibu huo kwa sababu iliona kwamba biashara ya kura haina haki ya kupata mali iliyonunua. Mle ndani ya kituturi mpambe haingii. Mtu awapo mle yuko na dhamiri yake na Mungu wake.

Hapo wajanja watashangilia, "Basi tulisema kweli! Kula kwa huyu, kura kwa yule." Hapana, ndugu. Sisi hatukusema hivyo. Kuna tofauti kati ya mtu aliyeahidi vibaya kisha akatubu, na mtu aliyeahidi huku amekusudia kudanganya. Wa kwanza ameanguka njiani akainuka. Wa pili ameufanya uongo kuwa kazi yake. Tena huyu mjanja ana madhara matatu. Kwanza, amemthibitishia mgombea kwamba watu wa kijiji hununuliwa, na mwaka mwingine mgombea mwema asiye na fedha hatathubutu kujitokeza. Pili, amejiziba kinywa. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu, na hapo mapato na matumizi husomwa. Mtu aliyekwisha kulipwa atasimamaje kuuliza hesabu? Mwenyekiti atamtazama tu, naye ataketi. Tatu, ameifundisha nyumba yake. Watoto waliona sukari ikiingia, wakasikia baba akicheka.

Lakini tusiwe wakali kwa wasiostahili ukali. Yuko mama ambaye mahindi yake yamekauka shambani, ana wajukuu wanne, na mpambe ameacha unga mlangoni pake. Je, tumwambie aumwage? Sisi tulioshiba hatuna kinywa cha kumwambia hivyo. Ni kweli kwamba sheria humhukumu mtoaji na mpokeaji pia, na ni vema watu walijue jambo hilo. Lakini mbele ya dhamiri uzito si sawa. Anayeifanya njaa ya mtu kuwa kamba ya kumfungia ana hatia kubwa kuliko aliyefungwa. Mama huyo tumwambie maneno mawili tu: kwamba unga ule haukumnunua, na kwamba hana deni. Kisha tujiulize sisi wa usharika, mpambe alimfikiaje kwanza kabla yetu? Kama wazee wa kanisa wangalijua mlango ule mwezi wa Juni, unga wa mwezi wa Oktoba usingalikuwa na nguvu. Mahali ambapo jirani husaidiana kwa kawaida, takrima hukosa mnunuzi.

Kuna neno moja limebaki, nalo ni zito kuliko yote. Watu wengi, hasa vijana, husema, "Mwatuhubiria tulinde kura, lakini kura yenyewe ina thamani gani? Afadhali tule sukari." Hatuwezi kupita neno hili kana kwamba hatukulisikia. Katika uchaguzi wa vijiji wa 2024 chama kimoja kilitangazwa kupata zaidi ya asilimia 98 ya viti, baada ya wagombea wengi wa vyama vingine kuenguliwa. Katika uchaguzi mkuu wa 2025 vyama viwili vikubwa vya upinzani havikuwa na mgombea wa urais katika karatasi ya kura ya Jamhuri ya Muungano. Kimoja kilizuiwa tangu Aprili, na mgombea wa kingine aliondolewa. Siku ya kura na siku zilizofuata damu ilimwagika katika miji mingi, intaneti ilizimwa, watu wa Dar es Salaam waliamriwa wasitoke usiku, na wako wazazi waliozika watoto wao. Rais alitangazwa mshindi kwa asilimia 97.66. Novemba 2025 Serikali iliunda tume ya kuchunguza mambo hayo, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Si kazi ya gazeti hili kutoa hukumu pasipo ushahidi. Lakini kulia pamoja na wanaolia ni kazi yetu, na kusema kwamba uhai wa mtu hauna bei ni kazi yetu pia.

Kwa vijana hao twasema hivi. Hatuwaambii kwamba maumivu yenu ni bure. Lakini tazameni mfano ule wa ng'ombe. Wezi wakija usiku wakamchukua ng'ombe uliyewekewa, wewe umedhulumiwa, nawe una haki ya kulia na kudai. Lakini je, kwa sababu wezi wako nchini, wewe nawe wapata ruhusa ya kumpeleka mnadani yule aliyebaki? Aliyeporwa aweza kusimama mbele ya mwenye mali na kusema, "Nilimlinda, nikazidiwa nguvu." Aliyeuza atasema nini? Na watu wakiwa wengi waliouza, mpora mali hupata kinga, maana ataweza kujibu, "Mlikuwa mkiuza, mimi nimefupisha njia tu." Kwa hiyo asiyekula ndiye awezaye kudai. Hii ndiyo sababu kubwa ya kukataa takrima katika nchi ambayo haki ya uchaguzi ingali ikitafutwa.

Tena ziko kura ambazo hakuna wa kutuzuilia. Chama cha msingi cha wakulima wa pamba huchagua viongozi wake. Kamati ya maji huchaguliwa. Kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa huchagua mshika fedha. Nasi katika sharika zetu huwachagua wazee wa kanisa. Je, hapo hatujasikia, "Mchague huyu, ni mtu wa ukoo wetu," au, "Huyu ndiye aliyetoa mabati"? Aliyetoa mabati na ashukuriwe kwa mabati, lakini mzee wa kanisa achaguliwe kwa sababu afaa kuwa mzee. Kama hatuwezi kuisoma mizani ndani ya nyumba ya Bwana, kwa kura ishirini au thelathini, tutaisomaje mbele ya masanduku ya serikali?

Basi tufupishe maneno yetu, ili walimu wapate kuyakumbuka. Usipokee, kwa maana si zawadi, ni bei. Ikiwa ulipokea, rudisha. Ikiwa huwezi kurudisha kwa kuwa watoto wamekwisha kula, usilale na hofu, huna deni la kura. Ikiwa uliahidi, ungama kosa la kuahidi, na ukiweza mwambie yule aliyekupa, "Ndugu yangu, neno lile nilikosa kulisema, nitamchagua yule nimwonaye afaa." Yawezekana utamwambia maneno hayo huku unatetemeka. Lakini mgombea akiyasikia katika nyumba kumi za kitongoji kimoja, ya kumi na moja hataipelekea kitu.

Baada ya 2024 na 2025, uchaguzi wa vijiji unaofuata ni wa mwaka 2029, na uchaguzi mkuu ni wa mwaka 2030. Kati ya hapo mahali pengine patakuwa na uchaguzi mdogo, kiongozi akifa au akijiuzulu. Si vema kungoja hata kanga zitakapoanza kugawiwa ndipo tuanze kuulizana. Neno hili lazungumzwe sasa, jioni baada ya ibada ya nyumbani, wakati hakuna mgombea barabarani na kila mtu yuko na akili yake. Na walimu watakapolizungumza, waanze na swali hili: Ng'ombe huyu aliye katika zizi lako, ni wa nani?